Kila Ijumaa napima kifua changu kwa rula

Shangazi, assalaam aleikum.

Mimi ni kijana wa miaka 21, mkazi wa Arua, na ninakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ya duka letu, ingawa nyumbani tunasema Kinubi. Nilizaliwa na kifua kilichobonyea. Nilipokuwa mdogo kilikuwa kishimo tu, na bibi alipenda kunitania kwamba Mungu alinigusa kwa kidole gumba kabla udongo haujakauka. Nilipofika miaka 13 nikaanza kurefuka kwa haraka, na shimo nalo likaongezeka, hata leo nikilala chali laweza kushika yai la kuku lisibingirike.

Shuleni, tulipogawanywa timu mbili za mpira, wenye mashati na wasio na mashati, mimi niliomba kuwa upande wa mashati, na siku niliyonyimwa nafasi hiyo nilisingizia kuumwa na tumbo. Vazi nilipendalo sasa ni kanzu, na nisikudanganye kwamba ni ucha Mungu peke yake. Kanzu huanguka kutoka mabegani bila kuonyesha kilichomo. Shati huniumbua kwa namna mbili, kwanza kwa sababu linabonyea katikati, na pili kwa sababu mimi ndiye mrefu kuliko wote nyumbani na mikono ya mashati ya dukani hainifikii kwenye vifundo. Miwani nimevaa tangu darasa la nne, kwa hiyo majina ya utani sikuyakosa.

Miezi 11 iliyopita niliona video ya mtu anayesema kwamba kifua kama hiki hunyooka kwa mazoezi. Nikaanza. Napiga pushapu 100 kwa siku, na nimejitengenezea chuma cha kunyanyua kwa bomba na mikebe miwili ya rangi iliyojazwa saruji. Mtu wa video anasema ubane pumzi kwa nguvu unaponyanyua, ili hewa iusukume mfupa kutoka ndani, nami hufanya hivyo hadi naona nyota. Kila Ijumaa kabla ya kuoga nalaza rula ya shule juu ya kifua na kupima kina cha shimo kwa kijiti cha kiberiti na rula nyingine. Nilianza na sentimita 3.2. Ijumaa iliyopita ilikuwa 3.6. Shangazi, nimefanya kazi miezi 11 ili shimo lizidi kuchimbika.

Sasa nyumba yetu imegawanyika. Baba mdogo, anayeishi Kampala, anataka kuuza kiwanja chake cha Bombo anipeleke India nikafanyiwe upasuaji, na anasema nisipokwenda mwaka huu mifupa itakomaa na nafasi itapita. Mama hataki kusikia habari ya kisu. Anasema marehemu baba alikuwa na kifua hiki hiki, akamwoa, akazaa watoto watatu, wala hakukatwa na mtu. Ni kweli, ingawa baba hakukaa sana. Alianguka ghafla akipalilia mihogo akiwa na miaka 36, na watu wakasema mengi, wengine wakamtaja jirani. Rafiki yangu naye anasema niagize kikombe cha kunyonya kifua kwa hewa, ambacho kinauzwa mtandaoni.

Nikipanda kilima cha Arua na wenzangu mimi ndiye ninayekaa chini njiani, na tangu utoto nimeitwa mvivu. Tena nimeposa. Nikah ni baada ya Ramadhani, na mchumba wangu hajui lolote. Nifanye nini: niongeze mazoezi, nikubali kisu, niagize kikombe, au ninyamaze na kanzu yangu?

Mwenye Kanzu, Arua

SHANGAZI ANAJIBU

Waaleikum salaam, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliona kijana aliyechoka, aliyefanya juhudi kwa uaminifu karibu mwaka mzima, na kipimo alichokiamini kikamjibu kinyume. Huku ndugu wawili wanaompenda wakivutana juu ya mwili wake, na tarehe ya nikah ikikaribia. Mara ya pili nililiona jambo ambalo wewe umelipita kwa mwendo wa haraka, na nitalirudia kabla ya kwenda mbali. Lakini kwanza niitue hiyo rula, kwa sababu nadhani imekuonea.

Kifua chako kimebonyea kwa sababu ya gegedu, zile sehemu laini zinazounganisha mbavu na mfupa wa kidari, ambazo hukua isivyo kawaida na kuusukuma mfupa huo ndani. Inakadiriwa kwamba mtoto mmoja katika kila 300 hadi 400 huzaliwa hivyo, wavulana wakiwa wengi kuliko wasichana, na shimo huzidi wakati wa kurefuka kwa ujana, sawasawa na ulivyosimulia. Sasa fikiri misuli ya kifua iko wapi. Imelala pande mbili, kulia na kushoto; katikati, juu ya mfupa wenyewe, hakuna nyama ya kutajika. Ukipiga pushapu 100 kwa siku kwa miezi 11, unazinenepesha kingo, na rula yako inakaa juu ya kingo. Mtu anayejenga matuta pande zote mbili za mtaro hawezi kushangaa kwamba mtaro umeonekana kuzidi kina. Milimita nne ulizozipata zaweza kuwa misuli tupu, au tofauti ya kupima ukiwa umevuta pumzi na kupima ukiwa umeitoa. Sioni katika hesabu hiyo ushahidi kwamba umejiharibu.

Hata hivyo, mtu wa video alikuahidi kisichopatikana. Kwa mtu mzima, mazoezi hayauinui mfupa. Yanachoweza kukibadilisha ni namna unavyosimama na namna unavyopumua, na hayo si madogo. Wenye kifua cha aina hii mara nyingi huyapinda mabega mbele, shingo ikatangulia na tumbo likasukumwa nje. Kwa sehemu ni umbo, na kwa sehemu ni mazoea ya mtu aliyejificha kwa miaka mingi. Mkao huo hulifanya shimo lionekane kubwa kuliko lilivyo, na pushapu peke yake huuzidisha, kwa kuwa hukaza misuli ya mbele ambayo tayari inayavuta mabega.

Kwa hiyo mtaalamu wa fiziotherapia angeanzia mgongoni. Angekufunga tyubu ya baiskeli kwenye nguzo na kukuambia uivute polepole, viwiko vikienda nyuma, mpaka mifupa bapa ya mabega ikaribiane; angekulaza chali juu ya shuka iliyoviringishwa kwa urefu wa uti wa mgongo, mikono ukiwa umeitandaza, ili sehemu ya mbele inyooke; angekusimamisha ukutani, visigino, makalio na kisogo vikigusa ukuta, na kukufanya upandishe mikono bila kuachana na ukuta. Halafu angeshughulikia pumzi. Lala chali magoti ukiwa umeyakunja, mkono mmoja juu ya tumbo, mwingine ubavuni, uvute hewa kwa pua taratibu hadi tumbo liinuke na mbavu za chini zifunguke pembeni, kisha uitoe kwa muda mrefu zaidi ya ulivyoivuta. Unafundisha kiwambo, ule msuli mpana ulio chini ya mapafu, ufanye kazi ambayo shingo na mabega yako yamekuwa yakiibeba. Zoezi hili ni jepesi kiasi kwamba vijana hulidharau, na sijui kwa nini kitu kisichotoa jasho huonekana hakina kazi.

Lakini sikukuambia ubane pumzi, na hapa ndipo ninapolirudia lile jambo. Baadhi ya wataalamu huwapa wagonjwa wa kifua hiki zoezi la kuvuta hewa nyingi na kuishikilia kidogo, nalo kwa wengi halina neno. Kubana pumzi chini ya mikebe ya saruji hadi kuona nyota ni habari nyingine kabisa, kwa sababu msukumo wa damu hupanda sana kwa muda huo mfupi. Na wewe umeniambia, kama mtu anayesimulia ya pembeni, kwamba wewe ni mrefu kuliko wote, mikono yako inapita mashati, umevaa miwani tangu utoto, baba yako alikuwa na kifua hiki, na alianguka ghafla akiwa na miaka 36.

Mwanangu, sikai hapo ulipo na mimi si daktari wako, kwa hiyo sisemi una ugonjwa fulani. Nasema mambo hayo matano, yakikaa pamoja katika barua moja, yangemfanya daktari yeyote makini aweke kalamu chini na kuuliza maswali. Uko ugonjwa wa kurithi unaoitwa Marfan, kwa jina la daktari Mfaransa aliyeueleza mwaka 1896, ambao hulegeza nyuzi zinazoshikilia mwili. Wenye nao mara nyingi huwa warefu, mikono na vidole virefu, macho yasiyoona mbali, na wengi wao kifua kilichobonyea au kilichochomoza. Hayo yote mtu anaweza kuishi nayo. Hatari yake iko kwenye aota, mshipa mkuu unaotoa damu moyoni, ambao hutanuka polepole bila maumivu na siku moja unaweza kupasuka. Mzazi mwenye ugonjwa huu humrithisha kila mtoto kwa uwezekano wa nusu kwa nusu. Wengi wenye kifua kama chako hawana Marfan, na huenda wewe nawe huna. Huenda baba alifariki kwa sababu nyingine kabisa. Ila swali linajibika kwa daktari kukuchunguza macho na viungo, na kwa kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti, ambacho wengi hukiita eko. Hakichomi na hakikati.

Ningependa mikebe ya saruji ipumzike mpaka jibu hilo lipatikane. Tyubu, ukuta, kutembea na pumzi za taratibu viendelee. Na ikitokea siku moja ukapata maumivu makali ya ghafla ya kifua au mgongo, kana kwamba kitu kinachanika, au ukazimia, usisubiri asubuhi.

Unaweza kuanzia Hospitali ya Rufaa ya Mkoa hapo hapo Arua, umweleze daktari habari ya baba yako kama ulivyonieleza mimi, na uombe barua ya kukupeleka Taasisi ya Moyo ya Uganda, iliyo katika eneo la Mulago, iwapo kipimo kitahitaji kufanyiwa huko. Eko itajibu pia lile la kilima. Shimo likiwa na kina, mfupa huusogeza moyo kushoto na kuubana upande wake wa kulia, hata ukashindwa kujaa vizuri wakati mwili unapodai damu nyingi. Yawezekana waliokuita mvivu walikuwa wanautukana moyo uliobanwa. Yawezekana vilevile kwamba unahema kwa pumu, au kwa upungufu wa damu ambao katika nchi yetu si mgeni. Kuhema peke yake hakusemi chanzo chake.

Sasa kuhusu kiwanja cha Bombo. Baba mdogo ana upendo wa kweli, na nisingependa umjibu kwa namna itakayomvunja. Lakini anakuharakisha kwa sababu ambayo ni nusu kweli. Ni kweli kwamba mifupa ya kijana wa miaka 14 hukubali kunyooshwa kwa urahisi zaidi. Si kweli kwamba mlango hufungwa mwaka huu, kwa maana watu wazima nao hufanyiwa upasuaji huu. Njia moja, iliyoenezwa na daktari mpasuaji Ravitch tangu mwaka 1949, hufungua kifua kwa mbele na kuziondoa gegedu zilizozidi. Nyingine, aliyoianza daktari Donald Nuss huko Virginia, Marekani, mwaka 1987, hupitisha pao la chuma lililopindwa chini ya mfupa wa kidari na kuugeuza mfupa uelekee nje. Pao hilo hukaa ndani kiasi cha miaka 3, kisha hutolewa kwa upasuaji wa pili. Wengi hufurahia matokeo, na baadhi ya waliokuwa wakihema husema pumzi imekuwa nyepesi. Wengi pia husema maumivu ya wiki za kwanza yaliwashangaza, hasa waliofanyiwa wakiwa wameshakuwa watu wazima. Pao huweza kuhama, kidonda huweza kuingia wadudu, na mara chache sana moyo wenyewe umejeruhiwa.

Swali ambalo sikulisikia katika mipango ya baba mdogo ni hili: chuma kikihama miezi 8 baada ya kurudi, nani atakutazama? Daktari aliyekuwekea atakuwa India, nawe utakuwa Arua na mizigo ya duka, ambayo kwa miezi kadhaa hutaruhusiwa kuinyanyua. Na safari ya kurudi kukitoa, je, imo katika bei ya kiwanja? Sikatai upasuaji. Madaktari hupima kwa skani ya CT, yaani picha za eksirei zinazoonyesha mwili kwa ndani, wakichukua upana wa kifua kwa ndani na kuugawanya kwa umbali wa kutoka mfupa wa kidari hadi uti wa mgongo. Kwa mtu wa kawaida jibu huwa karibu 2.5, na likipita 3.25 wengi huanza kuzungumza habari ya upasuaji, hasa kukiwa na dalili. Hiyo ndiyo rula ninayoitaka wewe uwe nayo mkononi kabla kiwanja hakijauzwa, na ni vyema wapasuaji wa kifua walio Kampala wakuone kwanza, hata kama mwisho wake ni safari.

Kikombe cha kunyonya hewa ni kifaa cha kweli, si utapeli, na kimewasaidia baadhi, zaidi watoto na vijana wenye shimo lisilo na kina na kifua ambacho bado ni laini. Hudai saa nyingi kila siku kwa miezi mingi, pengine miaka, na huacha michubuko. Wenye matatizo ya kuganda damu hawaruhusiwi kukitumia, wala wenye aota iliyotanuka, kwa hiyo hata hapa tunarudi kwenye eko. Kukiagiza bila daktari kwa sababu rafiki ameona bei yake si jambo ningelifurahia.

Mama yako, kwa kweli, hajakosea alipomtaja marehemu. Ila ametaja nusu ya maisha yake, ile ya kuoa na kuzaa, nawe ukaiongeza nusu ya pili kwa haraka kana kwamba si yako kuisema. Simtilii shaka huzuni yake. Mjane aliyemzika mumewe wa miaka 36 haogopi kisu tu. Huenda anaogopa kusikia kwamba kilichomchukua mumewe kina jina, na kwamba kimo ndani ya watoto wake. Labda ndiyo maana maneno ya jirani yalipokelewa. Ukimwendea kwa hoja ya upasuaji, atajifunga. Ukimwendea na kipimo kisichokata ngozi, pengine atakusindikiza. Umesema mko watoto watatu. Iwapo daktari ataona chochote, hao ndugu zako wawili nao watahitaji kutazamwa, hata kama vifua vyao vimenyooka kama ubao.

Nimebaki na mchumba, ambaye umemweka mwisho wa barua, na nadhani ndiye aliyekufanya uiandike. Unajiuliza kama umwambie. Mimi ningejiuliza pia unamwambia nini, maana kuna mambo mawili hapa. Umbo la kifua ni siri yako, na una haki ya kuchagua siku ya kuifungua, ingawa usiku wa harusi ni siku ngumu ya kuichagua. Jambo ambalo laweza kurithiwa na watoto wenu, likithibitika, si lako peke yako tena, na yeye angependa kulijua kabla ya nikah kuliko baada yake. Hilo bado halijathibitika. Unaweza kungoja jibu la daktari ndipo useme yote kwa pamoja, na hatari yake ni kwamba siku zinakwenda. Au unaweza kumwambia leo habari ya shimo tu, na hatari yake ni kwamba utaogopa, kwa siku mbili tatu, kila atakaponyamaza. Wewe unamjua, mimi simjui.

Kabla hujaamua, iko nyumbani kwenu mwanamke mmoja ambaye aliwahi kuwa bibi harusi wa mwanamume mwenye kifua kama chako. Kaa naye jioni moja duka likishafungwa, umuulize aliona nini siku ile, na kama alijali. Mkiwa bado mmekaa, muulize pia kama marehemu alikuwa akichoka njiani, kama macho yalimsumbua, kama aliwahi kulalamikia kifua au mgongo siku zile za mwisho, na kama babu alifika uzeeni. Yaandike atakayokumbuka, kwa maana daktari atakuuliza hayo hayo.